Kukereza Mwili wa Tochi ya Alumini: Mwongozo Kamili, Kuanzia Betri hadi Rangi

Tochi za kujitengenezea huharibika mahali palepale. Betri inakwama ndani ya bomba. Kichwa kinakaa upande kwenye uzi wa skrubu. Au kila kipande kimefungwa vizuri, kinang'aa, halafu taa haiwaki kabisa. Ukifuatilia chanzo, mara nyingi mashine haina kosa na mkono wa fundi hauna kosa. Kosa liko kwenye mpangilio wa kazi: mtu anaanza na chuma, anakereza nje kwa uangalifu mkubwa, ndipo anakwenda kutafuta vitu vya kuweka ndani.

Tochi hutengenezwa kutoka ndani kwenda nje. Betri ndiyo inayotoa kipimo cha bomba, bomba linatoa kipimo cha uzi, na uzi unatoa kipimo cha kichwa. Umbo la nje linakuja mwisho kabisa. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo kwa tochi moja: betri moja ya 18650, LED moja, mwili wa alumini wenye vipande vinne, yaani kichwa, bomba, kifuniko cha nyuma na ringi ya mbele inayoshika kioo. Ukibadilisha betri, usichukue vipimo vyangu. Chukua njia tu.

Unatakiwa uwe umeshawahi kutumia mashine ya kukereza. Kama hujawahi, chora vipande vyako kwa vipimo hivi na umpelekee fundi mkerezaji mwenye mashine, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Kariobangi, Nairobi, kisha simama naye kazi ikiendelea.

## Vifaa

Vya ndani (nunua hivi kwanza, kabla ya chuma):

- Betri ya 18650. Ya kawaida ina kipenyo cha takribani 18.5 mm na urefu wa 65 mm. Yenye saketi ya ulinzi huweza kufika karibu 69.5 mm.
- Draiva ya LED (saketi inayodhibiti umeme unaokwenda kwenye LED) yenye ubao wa kipenyo cha 22 mm, na ringi ya shaba isiyopakwa rangi pembeni, upande unaotazama betri.
- LED iliyounganishwa juu ya ubao wa shaba wa 20 mm.
- Kiakisi mwanga cha 20 mm, na kioo cha 22 mm chenye unene wa 1.5 mm.
- Swichi ya kubonyeza ikiwa juu ya ubao wa 22 mm, pamoja na mpira wake wa nyuma.
- Springi mbili, oringi mbili (ringi za mpira za kuzuia maji) za 21 × 1.5 mm, pesti ya kupitisha joto.

Chuma: nondo ya alumini 6061-T6 yenye kipenyo cha 30 mm, urefu wa 300 mm. Hiyo inatosha tochi moja na kipande cha majaribio.

Mashine na visu: mashine ya kukereza yenye chaki ya taya tatu na uwezo wa kukata uzi wa milimita, senta inayozunguka, drili ya senta, drili za 10 mm na 18.5 mm, rima ya 19 mm (ya kumalizia tundu kwa kipimo kamili), kisu cha kukereza nje, kisu cha ndani, visu viwili vya uzi vyenye pembe ya nyuzi 60 (cha nje na cha ndani), kisu cha mfereji cha 2 mm, kisu cha kukatia. Kisu cha alumini kiwe kikali kuliko cha chuma cha kawaida.

Vya kupimia: vernia, maikromita ya 0–25 mm na saa ya kupimia kuyumba.

Mafuta: mafuta ya taa. Kwa alumini ni mazuri kuliko oili nzito, kwa sababu yanazuia alumini kuganda kwenye ncha ya kisu.

### Kuhusu alumini yenyewe

Nondo zinazomiminwa mtaani kwa kuyeyusha masufuria na pistoni zina bei nzuri, lakini usizitumie hapa. Zina mapovu ndani. Utakereza vizuri hadi ufike kwenye uzi, kisha jino moja litabomoka, na kazi yote itakuwa imekwisha. Alumini ya pistoni ina silikoni nyingi, na hiyo hutoka ya kijivu yenye mabaka ukiipaka rangi.

Wengine wanaona chuma kisichoshika kutu au titani kuwa bora kwa sababu ni kigumu. Kwa tochi yenye mwanga mkali, swali la kwanza ni joto. Alumini ya 6061 hupitisha joto kwa takribani 167 W/mK. Chuma kisichoshika kutu cha 304 ni kama 16, na titani inayotumika sana ni kama 7. LED ya wati 10 ndani ya mwili wa titani itajipika. Shaba nyekundu hupitisha joto zaidi ya mara mbili ya alumini, lakini uzito wake ni zaidi ya mara tatu.

## Kabla ya kuwasha mashine

Vaa miwani. Vua glavu, saa na pete, kunja mikono ya shati juu ya kiwiko. Glavu kwenye mashine ya kukereza huvuta mkono mzima ndani. Ufunguo wa chaki usibaki kwenye chaki hata kwa sekunde moja. Utepe wa alumini unaotoka kwenye kisu unakata kama wembe. Uondoe kwa ndoano au brashi, mashine ikiwa imesimama. Na kwa kuwa unatumia mafuta ya taa, sigara na moto viwe mbali.

## Hatua ya 1: Pima vya ndani, kisha andika namba zote

Pima betri mahali pake penye unene mkubwa kabisa, pamoja na plastiki yake. Ikizidi 18.8 mm, tafuta nyingine. Tundu letu ni 19.0 mm na betri inatakiwa iteleze yenyewe.

Urefu wa bomba ni hesabu moja tu: betri ndefu kuliko zote utakazotumia + springi ya mbele ikiwa imebanwa + springi ya nyuma ikiwa imebanwa. Kwa betri yenye ulinzi: 69.5 + 3 + 5.5 = 78 mm. Nasema springi *ikiwa imebanwa* kwa sababu wengi huipima ikiwa huru, wakapata bomba refu, na betri ikacheza ndani. Kisha geuza hesabu: ukiweka betri fupi ya 65 mm, je, springi zote mbili zikiachiwa zinafidia hizo 4.5 mm na bado zinasukuma? Kama hazifidii, badilisha springi sasa, ungali na kalamu mkononi.

Vipimo vingine vinatokana na hapo:

- Bomba: tundu 19.0, nje 26.0, urefu 78.
- Uzi: M24×1 (kipenyo 24 mm, hatua 1 mm) kila mahali. Uzi mmoja kwa vipande vyote maana yake unatega kisu mara chache.
- Ncha za bomba: uzi wa 8 mm, mfereji wa oringi wa 2 mm, kisha bega laini la kipenyo cha 24.1 lenye urefu wa 2.5 mm. Jumla 12.5 mm kila upande.
- Kichwa na kifuniko: nje 28.0.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuchora tochi nzima ikiwa imekatwa katikati, na kila kitu cha ndani kina mahali pake na namba yake.

## Hatua ya 2: Kichwa, upande wa nyuma

Tunaanza na nyuzi za ndani. Uzi wa ndani hauonekani na ni mgumu kupima. Uzi wa nje unaonekana, na unaweza kuupunguza kidogo kidogo hadi ulingane. Kwa hiyo cha ndani kinakuwa kipimo, cha nje kinakifuata.

Shika nondo ya 30 mm, ikitokeza kama 50 mm. Sawazisha uso, kereza nje hadi 28.0 kwa urefu wa 45 mm. Mzunguko wa 800 kwa dakika unafaa.

Toboa kwa drili ya senta, kisha 10 mm, kisha 18.5 mm. Angalia kina. Ndani ya kichwa kuna sakafu ya alumini yenye unene wa 5 mm ambayo LED inakaa juu yake, na sakafu hiyo ndiyo njia pekee ya joto kwenda nje. Ncha ya drili ya 18.5 inatangulia kwa zaidi ya 5 mm kabla ya upana wake kamili kufika. Pima kina kutoka kwenye ncha, na usipite 19 mm.

Sasa kisu cha ndani, kwa mpangilio huu kutoka usoni:

1. Tanua hadi 20.0 kwa kina cha 20 mm, sakafu ikiwa bapa. Hapa ndipo vipuri vya draiva vitakaa.
2. Tanua hadi 22.9 kwa kina cha 13.9 mm. Ukingo unaobaki kati ya 22.9 na 20 ndio kiti cha ubao wa draiva.
3. Tanua mdomo hadi 24.2 kwa kina cha 5 mm. Eneo hili laini litabana oringi.
4. Chimba mfereji wa 2 mm kwa upana, kipenyo 24.2, mwishoni mwa sehemu ya 22.9, ili kisu cha uzi kipate pa kutokea.
5. Laza ukingo wa mdomo kwa mteremko mpana wa nyuzi 20 hadi 30. Ukiuacha mkali utakata oringi siku ya kwanza.

Kwa nini 13.9? Ncha ya bomba ina 12.5 mm hadi begani. Ubao wa draiva una unene wa 1.6 mm, kwa hiyo uso wake utakuwa kwenye kina cha 12.3. Bomba litaugusa ubao likiwa bado na 0.2 mm kabla ya kugonga kichwa. Nafasi hiyo ndogo, isiyozidi unene wa karatasi mbili, ndiyo inayohakikisha umeme unapita. Ikikosekana, bomba litajifunga kwenye kichwa bila kuugusa ubao, na utabaki kulaumu LED.

Uzi wa ndani. Shusha mzunguko hadi 100–150. Tega kisu kiwe sawa na kimo cha senta na kikae wima kabisa kwa kipimo cha nyuzi 60. Ingiza 0.1 mm kila pito, ukipunguza hadi 0.03 mwishoni, mpaka kina cha 0.54 mm kwa upande. Malizia kwa mapito mawili bila kuongeza chochote, maana fimbo ya kisu hupinda kidogo na mapito hayo huondoa kilichobaki.

Kama skrubu kuu ya mashine yako ni ya milimita 3, 4 au 6, unaweza kufungua na kufunga mkono wa uzi popote kwa uzi wa 1 mm. Kama ni ya inchi, usifungue kabisa hadi uzi uishe. Simamisha, toa kisu, rudisha kwa kugeuza mota. Na kama chaki yako imefungwa kwa uzi kwenye mashine, kugeuza mota kwa kasi kunaweza kuifungua ikaanguka. Rudisha polepole.

Toboa matundu mawili ya 2.5 mm kwenye sakafu kwa ajili ya nyaya. Kisha kata kipande kikiwa na urefu wa 41 mm.

Umefaulu ikiwa: ubao wa draiva unaanguka wenyewe hadi kitini, haukwami, na kina cha mfuko hakizidi 20.2 mm, ili sakafu isipungue 4.8 mm upande wa mbele ukishatanuliwa.

## Hatua ya 3: Kifuniko cha nyuma

Rudia vipimo vilevile vya uzi, mdomo na kiti. Tofauti ni kina cha mfuko, ambacho kinategemea swichi yako, na tundu la nyuma la mpira. Ukingo unaoshika mpira uwe na unene wa 1.5 mm au zaidi. Kata.

## Hatua ya 4: Mandreli yenye uzi

Mandreli ni kishikio cha muda kinachobeba kipande ili ukikereze upande wa pili. Hakibaki kwenye tochi, na ndicho ambacho watu hukiruka.

Shika kipande cha mabaki, kereza hadi 23.9, chimba mfereji wa 2 mm kwa kina cha 1.2 mm, kata uzi wa nje wa M24×1 kwa kina cha 0.61 mm kwa upande. Ukifika 0.55 anza kujaribu kichwa juu yake kila baada ya pito moja. Safisha uzi kwa brashi kabla ya kila jaribio. Chenga moja ndogo inakudanganya kwamba uzi bado mnene.

Usiitoe mandreli kwenye chaki. Ukiitoa na kuirudisha haitazunguka tena katikati, na faida yote imepotea.

Funga kichwa juu yake, upande wa mbele ukitazama mkia wa mashine. Nguvu ya kisu inakaza uzi, haiulegezi. Sawazisha uso hadi urefu wa 40 mm, kisha tanua hadi 20.2 kwa kina cha 15 mm, sakafu iwe bapa na laini. Tanua mdomo hadi 22.9 na ukate uzi wa ndani wa M24×1 kwa ajili ya ringi ya mbele. Kina cha mdomo kipime kwa vitu halisi: weka ubao wa LED na kiakisi ndani, kioo kikae juu ya kiakisi, ringi ibane kioo.

Malizia kifuniko cha nyuma kwa njia hiyohiyo.

Umefaulu ikiwa: saa ya kupimia ikigusa tundu la mbele inaonyesha kuyumba kusikozidi 0.03 mm. Mbele na nyuma vina mhimili mmoja, na duara la mwanga litakuwa katikati.

## Hatua ya 5: Tundu la bomba

Shika nondo ikitokeza kama 95 mm. Hiyo ni ndefu, kwa hiyo toboa senta kwanza na ushikilie kwa senta inayozunguka unapokereza nje hadi 28. Usikereze hadi 26 bado.

Toboa 10 mm, kisha 18.5 mm, hadi kina cha 90. Mzunguko kama 600. Toa drili kila baada ya milimita 5 hadi 8, safisha chenga, mwaga mafuta ya taa. Alumini iliyobanana ndani ya mifereji ya drili hujiunganisha na drili, na hapo utavunja kitu.

Kisha rima ya 19 mm kwa mzunguko wa 150 hadi 200, kwa mwendo mmoja wa polepole. Usiizungushe rima kinyume unapoitoa. Makali yake yanaharibika na tundu linachanika.

Drili ndefu haichimbi njia iliyonyooka kabisa. Itahama kidogo, na hilo lisikutie hofu: nje bado tuna milimita za ziada, na tutakereza nje tukifuata tundu. Hiyo ndiyo sababu ya kutomaliza nje mapema.

Kata bomba likiwa na 79 mm.

Umefaulu ikiwa: betri inapita ndani kwa uzito wake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, bomba likiwa limesimama wima.

## Hatua ya 6: Nje ya bomba, juu ya mandreli laini

Tengeneza mandreli nyingine: kipande cha chuma kilichokerezwa hadi 18.98 mm kwa urefu wa 70 mm, kikiwa na bega la 21.5 mm. Kereza pia kizibo cha 21.5 mm chenye tundu la senta, na chenye ncha nyembamba inayoingia mdomo mwingine wa bomba. Sawazisha nyuso za mwisho za bomba hadi urefu uwe 78.0, kisha livishe, weka kizibo, bana kwa senta ya mkia. Bega na kizibo vina kipenyo kidogo kuliko mizizi ya uzi, kwa hiyo kisu kinapita hadi mwisho bila kugonga kitu.

Kereza nje hadi 26.0, pito la mwisho likiwa 0.2 mm kwa kisu kikali na mafuta mengi. Mapito yote yawe mepesi, kwani bomba linashikiliwa na msuguano peke yake.

Upande wa kwanza: shusha hadi 23.9 kwa urefu wa 8 mm. Chimba mfereji wa oringi wa 2 mm hadi kipenyo cha 21.8, bega laini la 24.1 kwa 2.5 mm. Mfereji wa oringi unatumika pia kama mahali pa kisu cha uzi kutokea. Hesabu yake ni hii: oringi ina unene wa 1.5 mm, na nafasi kati ya 21.8 na mdomo wa 24.2 ni 1.2 mm kwa upande. Oringi inabanwa kwa asilimia 20, kiasi cha kuzuia maji bila kuufanya uzi uwe mgumu kuzungusha. Chini ya mfereji unabaki ukuta wa 1.4 mm, usichimbe zaidi.

Kata uzi kwa kujaribu kichwa chenyewe, kama ulivyofanya kwenye mandreli. Unatafuta hali hii: kichwa kinaingia kwa vidole viwili, kinazunguka laini, na ukikitikisa hakichezi. Ukikilazimisha, alumini juu ya alumini hukwaruzana na kushikana, na hutakitoa tena. Tone la mafuta kabla ya kila jaribio.

Geuza bomba, rudia upande wa pili.

### Mshiko

Ringi za meno ya msumeno zinazobonyezwa juu ya bomba hupendeza, lakini zinataka nguvu nyingi, na mandreli hii inaweza kuteleza. Mimi napendelea mifereji: upana 2 mm, kina 0.6 mm, mmoja kila baada ya 4 mm. Inashika vizuri hata mkono ukiwa umelowa, inapunguza uzito, na inasafishika kwa brashi ya meno. Laza kingo za kila mfereji kwa msasa wa namba 400.

Usizungushe msasa kwenye kidole bomba likizunguka. Shika ncha zake mbili kwa mikono miwili, au ufungie kwenye kipande cha mbao.

## Hatua ya 7: Kuondoa makali na kusafisha

Dakika hizi za mwisho ndizo zinazoamua usalama wa betri. Kingo za ndani za bomba zilazwe kwa kikwaruzio hadi ukipitisha kidole usihisi kitu. Ukingo mkali unachana plastiki ya betri kila unapoiingiza. Mwili mzima wa betri ni hasi, na bomba ni hasi. Plastiki ikichanika ubavuni, umeme utapita moja kwa moja kwenye bomba bila kupitia swichi, na tochi itagoma kuzima. Ikichanika karibu na ncha chanya, na chenga moja ya alumini ikaangukia hapo, betri itajichoma.

Osha kila kipande kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, piga brashi kwenye nyuzi, suuza, kausha. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba. Kikitoka na punje yoyote inayomeremeta, rudia.

## Hatua ya 8: Rangi kwa anodaizi (si lazima)

Alumini tupu inafaa kutumika, ila itachafuka na kukwaruzika. Anodaizi inageuza uso wake kuwa tabaka gumu linaloweza kunywa rangi.

Onyo kubwa: tabaka hilo halipitishi umeme. Tochi nyingi zinazofia mikononi baada ya kupakwa rangi zinafia hapa. Katika muundo huu umeme unapita kwenye nyuso mbili za mwisho za bomba tu, moja ikigusa draiva na nyingine ikigusa ubao wa swichi. Nyuso hizo mbili zipake rangi ya kucha kabla ya kuzamisha, na uitoe baadaye kwa asetoni. Nyuzi zinaweza kupata tabaka bila tatizo.

Asidi ya betri ya gari inatosha: lita 1 ya asidi ndani ya lita 1.5 za maji yaliyosafishwa. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume chake. Sasa vaa glavu za mpira na miwani, fanya kazi nje, na pasiwe na moto karibu kwa sababu gesi ya haidrojeni inatoka.

Ning'iniza bomba kwa waya wa alumini uliokaza vizuri, uunge kwenye chanya. Upande wa hasi tumia bamba la risasi. Bomba hili lina eneo la kama 110 cm² ndani na nje. Kwa ampea 1.3 kwa kila 100 cm², weka ampea 1.4 kwa dakika 45. Joto la asidi likae kati ya nyuzi 20 na 22. Hili linasumbua sana Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ambako chumba chenyewe kina nyuzi 30: weka chombo cha asidi ndani ya beseni la maji yenye barafu na upime mara kwa mara. Asidi ikipata joto, tabaka linatoka laini na linafutika kama unga.

Suuza, zamisha kwenye rangi ya anodaizi yenye nyuzi 50 hadi 60 kwa dakika 10 hadi 15, kisha chemsha kwenye maji safi kwa dakika 30 ili vinyweleo vya tabaka vizibe.

Umefaulu ikiwa: mita ya umeme ikigusa ubavu wa bomba haisomi mguso wowote, na ikigusa nyuso mbili za mwisho inasoma karibu sifuri.

## Hatua ya 9: Kuunganisha na kupima

Paka pesti ya joto nyembamba chini ya ubao wa LED; ikiwa nene inazuia joto. Weka karatasi au plastiki ya kutenga kati ya kiakisi cha chuma na sehemu zilizolehemiwa za LED, la sivyo kiakisi kitaunganisha chanya na hasi. Weka oringi, zipake grisi ya silikoni.

Washa kwa mwanga mkubwa kwa dakika tatu, ukiwa umeshika kichwa. Kichwa kinatakiwa kipate joto mapema, na bomba lifuate. Kichwa kikibaki cha baridi huku mwanga ukififia, joto limekwama kwenye LED: zima, fungua, angalia pesti na ubapa wa sakafu. Kisha ondoa betri na ubao wa ndani, funga mwili, na uuzamishe kwenye ndoo ya maji kwa nusu saa ukiwa na kipande cha karatasi ya choo ndani. Karatasi ikitoka kavu, oringi zinafanya kazi.

## Ukitaka hamsini badala ya moja

Mpangilio unabaki uleule kwenye mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta), ila kiwanda kitataka mchoro wenye ruhusa za vipimo, yaani kila kipimo kinaruhusiwa kutofautiana kwa kiasi gani. Usiandike 0.01 mm kila mahali; utalipia bure. Bana pale panapohitajika: tundu la bomba 19.0 hadi 19.1, urefu wa bomba 77.95 hadi 78.05, kina cha kiti cha draiva 13.85 hadi 13.95. Nje ya bomba ikitofautiana kwa 0.1 hakuna atakayejua. Taja alumini kwa jina kamili, 6061-T6, na uandike kwenye mchoro nyuso zipi zisipate anodaizi.

Kabla ya kundi zima kukatwa, omba kichwa kimoja na bomba moja bila rangi. Kifunge kichwa hicho kwenye mandreli yako yenye uzi, ingiza betri yako ndefu kwenye bomba hilo, pima ile nafasi ya 0.2 mm kwa geji ya vipande. Ikiwa ipo, ruhusu kazi iendelee.